Jirani ya Mwenye Nguvu: Marekani na Nchi Zilizo Kando Yake

Siku ile ya Juni 2024 askari wetu wa kwanza walipotua Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, sisi tulikuwa barazani baada ya swala ya alasiri, kahawa chungu na kashata mbele yetu. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya meli ujanani mwake, na bahari ile ya Karibi ameiona kwa macho yake, aliuliza swali ambalo hakuna aliyelijibu vyema. Alisema: "Kutoka Miami hadi Haiti ni chini ya saa mbili kwa ndege. Kutoka Nairobi ni takribani kilomita 12,000. Sasa yuwaendaje mtoto wa Kisauni kuzima moto kwa jirani ya Mmarekani, na Mmarekani mwenyewe yupo, ana ndoo na maji?"

Wengine walisema ni pesa. Wengine walisema ni siasa za Nairobi. Kijana mmoja akasema Marekani haina habari na Haiti. Hapo ndipo nilipoona kwamba jambo hili latufaa kulisoma polepole, kwa sababu ukweli ni kinyume cha maneno ya yule kijana. Marekani imekuwa na habari na Haiti, na Cuba, na Guatemala, na Mexico, kwa zaidi ya miaka 100. Moto unaozimwa leo una historia, na askari wetu wametumwa kuingia ndani ya historia hiyo.

Makala haya yanakusanya mambo makuu ya historia hiyo, ili siku nyengine mjadala ukizuka barazani tuwe na pa kuanzia.

Kauli ya Monroe: ua wa nani?

Tarehe 2 Desemba 1823, Rais James Monroe alilihutubia bunge la nchi yake kwa maandishi. Alisema mataifa ya Ulaya yasianzishe tena makoloni katika bara la Amerika, na kwamba Marekani italiona jambo hilo kuwa ni hatari kwake. Wakati huo nchi nyingi za Amerika Kusini zilikuwa zimetoka tu kujikomboa kutoka kwa Uhispania. Kwa hivyo kauli ile ilisikika kama kinga: Mzungu wa Ulaya asirudi.

Mwaka 1904 Rais Theodore Roosevelt aliigeuza sura. Alisema ikiwa nchi ya eneo hilo itashindwa kujiendesha au kulipa madeni yake, Marekani ina haki ya kuingia na kufanya kazi ya polisi. Kinga ikawa rungu. Aliyekuwa akimzuia mwizi asiingie mtaani sasa alijipa ufunguo wa kila nyumba.

Sisi Waswahili twajua maana ya ua. Uani ni pahala pa faragha pa mwenye nyumba, na mgeni hapiti bila ya kubisha hodi. Wanasiasa wa Marekani wamezoea kuliita eneo la Karibi na Amerika ya Kati kuwa ni uani kwao. Tatizo ni kwamba ndani ya ua huo mna nchi za watu, zenye bendera na mabunge yao.

Mexico: jirani aliyepoteza nusu ya shamba

Mfano wa kwanza na mkubwa ni Mexico. Vita vya 1846 hadi 1848 vilimalizika kwa Mkataba wa Guadalupe Hidalgo. Mexico ilipoteza zaidi ya nusu ya ardhi iliyokuwa ikiidai kuwa yake. California, Nevada, Utah na sehemu kubwa ya Arizona na New Mexico zote zilikwenda Marekani, na Mexico ikapewa dola milioni 15. Majina ya Kihispania ya Los Angeles na San Francisco yamebaki kuwa ushahidi.

Leo mpaka baina ya nchi hizo una urefu wa zaidi ya kilomita 3,100. Habari tunazozisikia kila siku ni za dawa za kulevya na wahamiaji wanaopita kwenda kaskazini. Habari tusizozisikia sana ni za vitu vinavyokwenda kusini, na kikubwa katika hivyo ni bunduki.

Ndani ya Mexico sheria ya silaha ni kali mno. Kwa miaka mingi raia alikuwa na duka moja tu halali la bunduki katika nchi nzima, nalo liliendeshwa na jeshi katika mji mkuu. Lakini upande wa pili wa mpaka maduka ya bunduki yamejaa. Mwaka 2004 sheria ya Marekani iliyozuia uuzaji wa bunduki za kivita kwa raia ilimalizika muda wake na haikurejeshwa. Miaka miwili baadaye, Desemba 2006, Rais Felipe Calderón aliwatoa wanajeshi kupigana na magenge ya dawa za kulevya, na Marekani ikamsaidia kwa pesa na vifaa kupitia Mpango wa Mérida. Hapo jirani mmoja alikuwa akisaidia vita kwa mkono wa kulia, huku soko lake likiuza silaha kwa mkono wa kushoto. Mexico sasa ina zaidi ya watu 100,000 walioandikwa kuwa wametoweka.

Mwaka 2021 serikali ya Mexico iliwashtaki watengenezaji wa bunduki katika mahakama za Marekani. Juni 2025 Mahakama Kuu Zaidi ya Marekani iliitupa kesi hiyo, majaji wote wakikubaliana, kwa sababu sheria ya nchi yao inawalinda watengenezaji hao. Hii ni sheria ya ndani, iliyopitishwa kwa ajili ya wapiga kura wa ndani. Lakini maziko yalifanyika nchi jirani.

Cuba: kodi isiyopokelewa

Cuba iko takribani kilomita 150 kutoka Florida. Mwaka 1898 Marekani ilipigana na Uhispania na ikashinda, na Cuba ikatoka mikononi mwa Wahispania. Lakini uhuru ulikuja na sharti. Sharti hilo, linaloitwa Marekebisho ya Platt ya 1901, liliipa Marekani haki ya kuingilia mambo ya Cuba na kupata vituo vya kijeshi. Mwaka 1903 ikakodishwa Guantánamo. Sharti la Platt lilifutwa mwaka 1934, lakini kituo kilibaki, na mkataba hauwezi kuvunjwa ila pande zote mbili zikubali. Kila mwaka Marekani hupeleka hundi ya dola 4,085. Serikali ya Fidel Castro ilichukua hundi moja tu mwaka 1959, nyengine zote ikazikataa.

Baada ya mapinduzi ya Castro mambo yaliharibika haraka. Aprili 1961 Wacuba takribani 1,400 waliokimbilia uhamishoni, wakiwa wamefunzwa na shirika la ujasusi la CIA, walivamia Ghuba ya Nguruwe wakashindwa. Februari 1962 vikatangazwa vikwazo kamili vya biashara. Oktoba mwaka huo makombora ya nyuklia ya Urusi ya Kisovieti yaligunduliwa kisiwani, na kwa siku 13 dunia nzima ilishika roho mkononi. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, na nyasi za mwaka ule zilikuwa Cuba.

Makombora yaliondoka. Vikwazo bado vipo. Tangu 1992 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa limepiga kura karibu kila mwaka kutaka viondolewe, na kila mara Marekani hubaki na nchi chache mno upande wake. Ni kweli pia kwamba serikali ya Cuba imewafunga wapinzani wake na kuuendesha uchumi vibaya. Si kila tabu ya Mcuba imetoka Washington. Lakini anayepanga foleni ya mkate Havana hakumkosea mtu yeyote.

Na Guantánamo si mbali nasi kama tunavyodhani. Januari 2002 Marekani ilianza kuwaweka pale watu iliowashuku ugaidi. Mapema 2007 Mkenya mmoja alikamatwa hapa hapa Mombasa, akakabidhiwa Wamarekani, na mwaka huohuo akafikishwa Guantánamo. Marekani ilidai kuwa alishirikiana na al-Qaeda, lakini haikumfungulia mashtaka hata siku moja. Alirudishwa Kenya Desemba 2024, baada ya karibu miaka 18. Kipande cha ardhi kilichochukuliwa kutoka kwa Cuba mwaka 1903 kikaja kuwa gereza la mtu wa Pwani karne moja baadaye. Ndiyo maana nasema historia ya wenzetu si hadithi ya wenzetu peke yao.

Guatemala: ndizi na vita vya miaka 36

Jacobo Árbenz alichaguliwa kuwa rais wa Guatemala kwa kura za wananchi mwaka 1950. Mwaka 1952 alipitisha sheria ya kugawa ardhi kubwa iliyokaa bila kulimwa kwa wakulima wasio na ardhi. Sisi ambao suala la maskwota na hatimiliki tumelikuta na tutaliacha, twaelewa uzito wa sheria kama hiyo.

Mwenye ardhi mkubwa aliyeguswa alikuwa kampuni ya Kimarekani ya ndizi, United Fruit. Serikali ilikuwa tayari kuilipa fidia kwa bei ileile kampuni yenyewe iliyoiandika katika hesabu za kodi. Kampuni ilikuwa imeandika bei ya chini ili ilipe kodi ndogo, sasa ikataka fidia kubwa. Washington nayo ilikuwa na hofu ya ukomunisti. Juni 1954 CIA iliendesha mpango wa kumpindua Árbenz, na akaingia Kanali Carlos Castillo Armas. Ardhi ikarudishwa kwa wenyewe wa zamani.

Mwaka 1960 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, vikaisha 1996. Tume ya ukweli iliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti yake mwaka 1999: zaidi ya watu 200,000 waliuawa au kutoweka, wengi wao wenyeji wa kabila la Maya, na sehemu kubwa mno ya ukatili ilifanywa na serikali na vikundi vyake. Mwezi Machi mwaka huohuo Rais Bill Clinton alifika Guatemala akakiri kwamba nchi yake ilikosea kuvisaidia vyombo vilivyofanya ukatili huo. Kukiri ni jambo zuri. Lakini waliozikwa hawakusikia.

El Salvador: magenge yaliyopandishwa ndege

Hapa pana funzo ambalo kila mzazi wa Pwani angelitafakari. El Salvador ilikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1980 hadi 1992. Takribani watu 75,000 waliuawa. Marekani iliisaidia serikali kwa pesa nyingi na mafunzo ya kijeshi. Familia nyingi zilikimbia, na nyingi zikafika Los Angeles.

Vijana wale walikuta mitaa yenye magenge. Baadhi yao wakaunda yao, na mojawapo ni lile linaloitwa MS-13. Kwa hivyo genge hili halikuzaliwa El Salvador, lilizaliwa California. Kisha, hasa baada ya sheria ya uhamiaji ya 1996, Marekani ilianza kuwarudisha kwa wingi waliohukumiwa kwa makosa. Walishuka kutoka ndege katika nchi maskini, iliyotoka vitani juzi, polisi wake dhaifu, na wengi wao hawakuwa wakiijua, maana walitoka wakiwa watoto. Walichokuwa nacho ni genge.

Kufikia 2015 El Salvador ilikuwa miongoni mwa nchi zenye mauaji mengi zaidi duniani, zaidi ya watu 100 kwa kila 100,000. Familia zikakimbia tena, kuelekea mpaka uleule wa Marekani. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Rais Nayib Bukele alitangaza hali ya hatari Machi 2022, na zaidi ya mtu mmoja katika kila 100 wa nchi hiyo akawekwa gerezani. Mauaji yamepungua sana na wananchi wengi wanamsifu. Lakini wapo waliokamatwa bila hatia, na mama zao wanasubiri nje ya malango. Sisi tulioona vijana wa Majengo, Likoni na Malindi wakichukuliwa na kutoonekana tena, twajua kusubiri huko kukoje.

Haiti: huko walikokwenda wetu

Sasa turudi kwa swali la mzee.

Haiti ilijitangazia uhuru tarehe 1 Januari 1804, baada ya watumwa kuwashinda mabwana zao Wafaransa. Marekani, ambayo bado ilikuwa na watumwa, ilikataa kuitambua hadi 1862. Ufaransa nayo mwaka 1825 ilipeleka manuwari na kuidai Haiti fidia ya faranga milioni 150, yaani aliyekuwa mtumwa amlipe aliyemmiliki. Deni hilo, ingawa lilipunguzwa baadaye, liliikamua nchi kwa vizazi.

Desemba 1914 wanamaji wa Marekani waliingia Port-au-Prince wakachukua dhahabu ya dola 500,000 kutoka benki ya taifa, wakaipeleka New York. Julai 1915, baada ya rais wa Haiti kuuawa na umati, Marekani iliikalia nchi nzima, na haikutoka hadi 1934. Katika miaka hiyo 19 watu walilazimishwa kujenga barabara bila malipo, na katiba mpya ya 1918 iliwaruhusu wageni kumiliki ardhi, jambo ambalo Wahaiti walilizuia tangu uhuru. Aliyeongoza upinzani, Charlemagne Péralte, aliuawa mwaka 1919.

Baadaye ukaja utawala wa akina Duvalier, baba na mwana, kuanzia 1957 hadi 1986. Walikuwa wakatili, lakini walikuwa wapinzani wa ukomunisti, na hilo liliwapa misaada ya Marekani kwa miaka mingi. Jean-Bertrand Aristide alichaguliwa Desemba 1990, akapinduliwa na jeshi 1991, akarudishwa na majeshi ya Marekani 1994, kisha Februari 2004 akaondoka kwa ndege ya Marekani. Yeye asema alilazimishwa, Marekani yasema alijiuzulu.

Katikati ya hayo lilikuja jambo la mchele. Haiti ilishurutishwa ipunguze ushuru wa mchele wa nje, na mchele wa ruzuku wa Marekani ukafurika sokoni. Wakulima wa Haiti wakashindwa kushindana, wakahamia mijini, katika mitaa ambayo leo inatawaliwa na magenge. Mwaka 2010 Clinton huyohuyo aliiambia kamati ya Seneti kwamba sera ile huenda iliwafaa wakulima wa jimbo lake la Arkansas, lakini lilikuwa kosa.

Rais Jovenel Moïse aliuawa nyumbani kwake Julai 2021, na magenge yakatanuka. Ripoti za Umoja wa Mataifa zinaeleza kwamba silaha zao nyingi zinatoka Marekani, hasa kupitia Florida.

Na sisi tukaingia. Oktoba 2023 Baraza la Usalama liliidhinisha kikosi kikiongozwa na Kenya, na Marekani ikawa mchangiaji mkubwa wa gharama. Januari 2024 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kupeleka polisi huko ni kinyume cha Katiba. Machi serikali ikatia saini mkataba na Haiti, na Juni askari wa kwanza wakafika. Februari 2025 askari wetu wa kwanza akauawa huko. Kikosi kilichotarajiwa kuwa na watu 2,500 hakikufikia idadi hiyo.

Kwa hivyo jibu la mzee ni hili: Mmarekani hakwenda kwa sababu amekwenda mno. Kila akitia mguu Haiti watu wanakumbuka 1915. Basi akatafutwa mwenye ngozi kama yao, atakayelipiwa nauli. Kijana wetu amekabiliana na bunduki zilizonunuliwa katika nchi ileile iliyomlipia nauli.

Tusimwonee

Haki iko juu ya kila mmoja, hata mwenye nguvu. Marekani ilirudisha Mfereji wa Panama mikononi mwa Wapanama tarehe 31 Desemba 1999, kama ilivyoahidi katika mikataba ya 1977, ingawa katikati yake, Desemba 1989, iliivamia nchi hiyo kumkamata Manuel Noriega, aliyewahi kuwa mtu wake. Mamilioni ya familia za Mexico, Haiti na El Salvador zinaishi kwa pesa zinazotumwa na watoto wao walioko Marekani. Na nyaraka nyingi zinazotufunulia makosa ya 1954 zilitolewa na Marekani yenyewe, zikachambuliwa na wasomi wake. Ni nchi ngapi za kwetu zingefanya hivyo?

Na sisi kwa jirani yetu?

Swali hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Maana sisi nasi tuna jirani dhaifu kuliko sisi.

Oktoba 2011, baada ya wageni kutekwa nyara Lamu, Kenya iliingiza jeshi Somalia. Sababu ilikuwapo. Lakini tujiulize maswali yaleyale tunayomuuliza Mmarekani. Mwaka 2016 tulipotangaza kuifunga kambi ya Dadaab, tulijua wale watoto waliozaliwa pale watarudi wapi? Ilibidi Mahakama Kuu ituzuie mwaka 2017. Kismayu, anatuona kama tulivyojiona, au kama Mhaiti alivyomwona mwanamaji wa 1915?

Na gharama haikubaki Somalia. Mpeketoni 2014, Garissa 2015 na Manda Bay 2020 zimeandikwa katika nyoyo zetu. Mvuvi wa Lamu aliambiwa asiende baharini usiku, kwa miaka, kwa ajili ya usalama wa taifa. Yeye hakuulizwa kuhusu vita hivyo, kama mkulima wa mpunga wa Haiti asivyoulizwa kuhusu ushuru.

Basi sera yoyote ya usalama, ya Washington au ya Nairobi, tuipime kwa mambo manne. Kwanza, silaha zinatoka wapi na zinaishia mikononi mwa nani? Pili, watu wanaorudishwa au kufukuzwa wanakwenda kukuta nini? Tatu, nani anafaidika na ardhi au soko baada ya wanajeshi kuondoka? Nne, mahakama imesema nini, na je, imesikizwa?

Yule mzee nilimsomea makala haya kabla ya kuyapeleka. Alinyamaza kidogo, akamaliza kahawa yake, akasema: "Basi tuwaombee vijana warudi salama. Na wakirudi, tuwaulize walichokiona."

Hilo nalo ni jukumu letu. Askari wetu wakirejea, tusiwaulize habari za marupurupu peke yake. Tuwaulize habari za Haiti.